Kuna anayetia rangi pamba bila maji? Spiriti, dawa ya draiklini, chochote. Nimechoka kununua madumu

Mama Mabeseni (Iringa)

Kamwene wakuu. Mods, nawaomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye urembo na mitindo. Swali langu ni la kemia.

Tuko wanawake wanne, tunatengeneza batiki hapa Iringa, za nta na za kufunga. Kitambaa chetu ni pamba tupu, maana polista haishiki rangi zetu. Kazi tunaijua, huu ni mwaka wa saba. Kinachotumaliza ni maji. Vitambaa vitatu vya mita tano tano, ukihesabu kuloweka, kutia rangi, kuchemsha ili nta itoke, na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, vinakula madumu sita hadi nane ya lita 20. Nyeusi na buluu nzito usiseme. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua ianguke, bomba linatoka kwa mgao na sisi tunanunua. Juu ya hapo mwenye nyumba hataki tena kuona mtaro wake ukipitisha maji ya zambarau, na simlaumu, mtaro ule unateremkia bondeni na bonde linajulikana linakoishia.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko chuo. Likizo hii kaniambia huko nje kuna viwanda vinatia rangi bila tone la maji. Wanatumia vimiminika vingine, wakimaliza wanavirudisha kwenye tangi na kesho vinafanya kazi tena. Niliposikia "vinafanya kazi tena" masikio yalisimama. Nikinunua dumu moja la spiriti, nikawa naichuja na kuirudia mwezi mzima, si nimepona?

Naomba aliyejaribu ndiye aseme. Si aliyesoma tu.

Komoni Baridi

Mama, wewe uko Iringa halafu unauliza kimiminika mbadala? Pombe ya ulanzi imejaa. Loweka kitenge jioni, asubuhi kinaimba.

Mnyalukolo wa Kihesa

Komoni kaa pembeni, uzi wa watu wazima huu. Mama, nimeweka kigoda, nasubiri wanaojua.

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Shikamoo mama. Mimi nimesoma tu, sijajaribu, kwa hiyo sharti lako nimeshalivunja. Nivumilie, kuna mambo ni heri uyajue kabla hujanunua hilo dumu.

Jiulize kwanza kwa nini mnaloweka kitambaa kabla ya rangi. Pamba ni selulosi. Uzi wake ukiwa mkavu, nyuzi ndogo za ndani zimeshikana kama watu kwenye daladala la jioni, hapapiti mtu. Maji yakiingia yanazisukuma zikaachiana, uzi unavimba, rangi inapata njia. Spiriti safi inaivimbisha pamba kidogo mno. Petroli, mafuta ya taa na dawa ya draiklini haziivimbishi kabisa. Utakiona kitambaa kimelowa chapachapa, kumbe ndani ya uzi ni pakavu kama unga wa sembe.

Halafu rangi yenyewe. Rangi nyingi za pamba zimeundwa zipende maji. Ukizimimina kwenye mafuta ya taa zinakaa chini ya beseni kama mchanga. Zipo rangi zinazoyeyuka vizuri kwenye mafuta, ila hizo pamba haina habari nazo. Zitapaka juu, ukifua zinaondoka.

Na kama mnatumia rangi za haidro (unga wa haidrosulfaiti) na kostiki (soda kali), ambazo ndizo tunazoona wengi wa batiki wakizitumia, kuna tatizo jingine. Rangi ile kwa asili haiyeyuki. Haidro ndiyo inayoinyang'anya oksijeni, kostiki inaisaidia kuyeyuka, inaingia kwenye uzi, ukianika hewani oksijeni inarudi na rangi inakwama humo ndani. Ndiyo maana nyingine zina sura moja kwenye beseni na sura nyingine kwenye kamba. Sasa kwenye spiriti, kostiki itayeyuka lakini haidro haitayeyuka. Bila haidro hakuna kitu.

Tena naomba hili ulisome mara mbili: haidro na spiriti visilale chumba kimoja. Haidro ikidondokewa na maji kidogo, au ikipata unyevu kwenye mfuko uliofunguliwa, inajichemsha yenyewe na inaweza kuwaka bila kiberiti. Fikiria pembeni kuna dumu la spiriti.

Mama Mabeseni (Iringa)

Marahaba mwanangu. Kumbe ndiyo maana mfuko wetu wa haidro mwaka juzi ulitoboka ukawa wa moto! Tulidhani ni jua la dirishani. Daah.

Haya, spiriti umeniogopesha. Dawa ya draiklini je? Suti inaingia chafu inatoka safi, haijanyauka, haijarudi. Kimiminika cha kistaarabu kile.

Dobi Mstaafu (Tukuyu)

Hapo nijibu mimi. Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi draiklini Dar es Salaam miaka mingi. Dawa yenyewe tulikuwa tunaiita perki, jina lake refu ni perkloroethilini. Ni maji meupe mazito, lita moja inakaribia kilo 1.6, ukibeba dumu unadhani wamekuwekea mawe. Mashine inafanana na ya kufulia, ila imefungwa kila upande. Ikimaliza kuzungusha nguo inaichemsha dawa, mvuke unapozwa unarudi kuwa dawa, uchafu unabaki chini kama lami. Kwa hiyo kijana wako wa chuo hajakudanganya, inatumika tena kweli.

Lakini sikiliza. Suti hainyauki KWA SABABU dawa haiingii ndani ya uzi. Mwalimu kasema hapo juu na mimi nimeona miaka yote hiyo. Dawa inaosha mafuta yaliyoko juu, inaondoka, uzi haujui kama mgeni alikuja. Wewe unataka mgeni aingie mpaka chumbani.

La pili ni afya. Ukifungua mlango kabla mzunguko haujaisha, harufu tamu inakupiga, kichwa kinakuwa chepesi kama umekunywa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini, anayeinama ndiye anayeumia. Tulikuwa tunacheka tu wakati ule. Leo inahesabiwa kati ya kemikali zinazoelekea kuleta saratani, na Marekani mwezi wa 12 mwaka 2024 walipitisha kanuni ya kuiondoa, draiklini wamepewa miaka kumi waachane nayo. Wao wenye mashine zilizofungwa. Wewe una beseni.

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Ahsante mzee, umenimalizia kazi.

Niongeze kidogo historia. Miaka ya 1970 viwanda vya Ulaya vilihangaika sana na hiyohiyo perki kwenye kutia rangi. Ilifaa kiasi kwa polista. Kwa pamba iligoma, na hata kwa polista gharama ya kuinasa dawa isivuje ikawa kubwa, wakaacha.

Walioipata njia ya pamba ni Wachina, na ujanja wao ni mzuri sana. Wanachukua pamba, wanailowesha kwa maji kidogo yenye magadi soda, inakuwa na unyevu wake tu, haichuruziki. Kisha wanaizamisha kwenye kimiminika cha silikoni, kinaitwa D5, ambacho ni jamaa ya kile kinachofanya mafuta ya nywele yateleze. Rangi inawekwa humo. Sasa rangi inapenda maji, na imezungukwa na silikoni inayoichukia. Mahali pekee penye maji ni ndani ya uzi. Itakimbilia wapi? Inaingia karibu yote. Na chumvi haihitajiki, wakati kwenye maji ya kawaida rangi za aina hiyo zinataka chumvi gramu 30 mpaka 100 kwa kila lita ndipo zikubali kuhamia kwenye pamba.

Ona lakini: hata hapo maji hayakuondoka. Yamehamia ndani ya uzi. Mimi bado sijasoma habari ya aliyefanikiwa kuitia pamba rangi za kawaida ikiwa kavu kabisa ndani ya kitu kisichoivimbisha.

Na D5 yenyewe haiozi upesi, inajikusanya kwenye viumbe vya majini. Ulaya tangu 2020 hawaruhusu ifike asilimia 0.1 kwenye vipodozi vya kuosha. Usiitafute.

Kijana wa Gesi

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni kabonidayoksaidi. Hewa tunayopumua nje. Waholanzi DyeCoo wana mashine, maji sifuri, nguo inatoka kavu. Uzi ufungwe.

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Usifunge mapema mkuu. Mashine zipo kweli na ni kazi nzuri. Ila kabonidayoksaidi ili iyeyushe rangi lazima ipite joto la nyuzi 31 na presha ya bari 74, hapo haiwi hewa wala maji. Kwenye kutia rangi wanaenda kama nyuzi 120 na bari 250. Tairi la semi-treila linajazwa kama bari 8. Zidisha mara thelathini, kisha mwambie mama Mabeseni achonge sufuria ya kuhimili hiyo.

Halafu hizo mashine ni za polista. Pamba ni kesi ileile: kabonidayoksaidi haiivimbishi. Mpaka rangi iundwe upya kwa ajili yake. Maabara wanafanya, dukani haipo.

Kijana wa Gesi

Sawa mwalimu. Nimefungua uzi.

Mlima Pareto (Mafinga)

Nimesoma nikatabasamu, maana huku kwetu kiyeyushi si kitu kigeni. Pareto mnayoiona inaanikwa kando ya barabara, sumu yake ya wadudu haitolewi kwa maji. Ua likishakauka linasagwa, linaoshwa kwa heksani, kimiminika jamaa ya petroli, heksani inachemshwa inatoka kama mvuke, inapozwa, inarudi tangini. Kinachobaki ni mafuta mazito yenye pareto. Heksani inachemka kwenye nyuzi 69 tu, kwa hiyo kuirudisha hakuhitaji moto mkali.

Mimi nilifanya kibarua sehemu inayokamua mimea kwa njia hiyo. Simu unaiacha getini. Taa zina vifuniko vya kuzuia cheche. Mabomba yote yamefungwa, kila mahali pana kipimo cha mvuke. Kinachorudisha kiyeyushi ni mtambo, na ule mtambo ndio pesa. Kuchuja kwa kitambaa hakurudishi kitu, kunaondoa takataka tu. Mama, hapo kwenye "nikichuja na kuirudia" ndipo hesabu yako inapovuja.

Bibi Kokwa (Rungwe)

Aliomba aliyejaribu. Nipo.

Huku kwetu parachichi ni nyingi, kokwa zinatupwa. Nilisikia zinatoa rangi ya waridi nikaanza kuzikatakata na kuzichemsha kwa maji na magadi kidogo. Inatoka kweli, waridi inayoelekea udongo. Nikajaribu maganda ya vitunguu, nikajaribu majani ya mkaratusi kwenye uzi wa sufu wa kufumia, ile rangi ya chungwa ilinishangaza, haikutaka hata dawa ya kushikia. Pamba ndiyo msumbufu, inataka ushikishe kwanza kwa shabu na kitu chenye tanini. Tanini tunayo, magome ya miwati ya Njombe yanauzwa tangu enzi za mkoloni kwa kazi ya ngozi.

Spiriti niliingia nayo kwa sababu ya manjano. Manjano kwenye maji inatoa rangi ya kusuasua, sehemu kubwa inabaki kwenye unga. Kwenye spiriti, dakika tano tu ni dhahabu. Nikasema nimepata. Nikatia kitambaa cha robo kilo kwenye lita tatu. Kikashika vizuri. Nikaona haitoshi, nikitaka iwe nzito nichemshe. Jiko la mkaa, nje, chini ya kibati.

Sikuona moto ukianza. Moto wa spiriti mchana hauonekani, jamani. Niliona hewa juu ya sufuria inacheza kama barabara ya lami saa saba, kisha nikasikia joto la nyusi. Mjukuu wangu ndiye aliyetupia gunia lililolowa maji. Sufuria ilibaki, nyusi zilikwenda, kibati kina alama mpaka leo.

Baadaye kijana mmoja akanieleza kwamba huku juu kwetu maji yenyewe yanachemka kabla ya nyuzi 95, na spiriti inachemka kwenye nyuzi 73 au 74. Mkaa utaupangia nyuzi ngapi? Mvuke wake unatambaa mpaka kwenye kaa, unarudi na moto.

Na ile rangi ya dhahabu niliianika kwenye jua wiki mbili ikawa ya uji wa ulezi. Manjano haistahimili jua, uitoe kwa maji, uitoe kwa spiriti.

Mnyalukolo wa Kihesa

Pole sana bibi. Ila "nyusi zilikwenda" nimecheka mpaka mke wangu kauliza.

Mama Mabeseni (Iringa)

Pole mama yangu. Swali: hizo lita tatu, ulirudisha ngapi?

Bibi Kokwa (Rungwe)

Za jaribio la kwanza, kabla ya moto? Mbili na kidogo. Nilikikamua kitambaa kwa nguvu zangu zote. Kitambaa cha pamba ukikikamua kwa mkono kinabaki na karibu uzito wake mwenyewe wa kile ulicholowekea. Maji yakienda hewani hupotezi kitu. Spiriti ikienda hewani ni pesa imeanikwa kwenye kamba. Na nyingine ilikwenda yenyewe nikiwa nakoroga.

Tena hiyo iliyobaki ina manjano ndani. Ukitaka kutia rangi nyingine lazima uikeneke, na kukeneka spiriti nyumbani, Komoni Baridi atakueleza polisi wanaitaje kazi hiyo.

Komoni Baridi

Nimekaa pembeni kama nilivyoagizwa na bado natajwa.

Fundi Nta (Mwanjelwa)

Wapendwa, nimesoma uzi mzima toka mwanzo na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la fundi wa batiki.

Nta?

Mama Mabeseni unachora kwa nta ya mishumaa. Perki inayeyusha nta. Heksani inayeyusha nta. Petroli na mafuta ya taa vinayeyusha nta. Ukiweka kitambaa chako cha maua kwenye hivyo vitu, maua yanakwenda kwanza kabla rangi haijaamka. Hiyo mashine ya bari 250 kwa nyuzi 120, nta inakuwa supu, mishumaa mingi inayeyuka kabla hata ya nyuzi 70. Batiki imejengwa juu ya ugomvi wa maji na nta. Ukiyaondoa maji umemwondoa mgomvi mmoja, hakuna mchoro tena.

Za kufunga sawa, jadilini. Za nta, maji ndiyo kazi yenyewe.

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Aisee. Nimeandika aya zote zile na hili halikunipitia kichwani. Dada umenivua kofia.

Mama Mabeseni (Iringa)

Na mimi ninayeshika sufuria ya nta kila siku sikuliwaza! Nimecheka peke yangu jikoni.

Lakini subirini. Kama hizo dawa zinakula nta, je, zisitumike kutoa nta badala ya kuchemsha? Pale ndipo maji na kuni vinapoishia.

Dobi Mstaafu (Tukuyu)

Inawezekana, draiklini tuliletewa nguo zenye nta ya mshumaa na zilitoka safi. Lakini utalipa mara mbili. Wewe ukichemsha nta inaelea, unaienga, unaitumia tena, sivyo? Kwenye perki inayeyuka inachanganyika na ile lami ya chini. Nta imekwenda.

Mama Mabeseni (Iringa)

Kweli, tunaienga na kuirudia mpaka inakuwa ya kahawia. Basi hapo nimefunga.

Mtoto wa Dada

Shikamooni nyote. Mimi ndiye wa chuo niliyeanzisha balaa hili. Kuna kingine nilisoma: mwaka 2003 watafiti wa Leicester, Uingereza, walionyesha kwamba ukichanganya urea na kolini kloridi, yabisi zote mbili, zinageuka kimiminika ambacho hakigandi mpaka nyuzi 12. Urea ni hii ya mahindi. Kolini kloridi inawekwa kwenye chakula cha kuku. Haiwaki kama spiriti, haina mvuke. Watu wanaijaribu kukamulia rangi za mimea na kutilia rangi sufu. Mama mdogo, hii je?

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Kijana umesoma vizuri na hesabu yako ni sahihi. Kasoro yake ni uzito, inamiminika kama asali, haipiti kwenye kitambaa kwa urahisi. Na kwa sababu haina mvuke, haikauki. Utaitoaje kwenye kitambaa ukimaliza? Kwa maji. Mengi. Na maji hayo yana mbolea ndani, yakifika bondeni yanaotesha magugu.

Inafaa kukamulia rangi kwenye kokwa kuliko kutilia vitambaa.

Fundi Nta (Mwanjelwa)

Niseme ninachofanya mimi, si kiyeyushi, ni ubahili tu.

Nusu ya kazi nimehama haidro nimeingia rangi za riaktivu, zile za baridi. Zilianza kuuzwa 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, si kitu kipya. Zinashikana na pamba moja kwa moja na hazihitaji moto, kwa hiyo nta inasalimika. Ubaya wake ni kwamba zinashikana na maji vilevile. Rangi iliyoshikana na maji imekufa, haishiki tena kitambaa, inabaki kukusumbua kwenye kusuuza. Kwa hiyo maji yakiwa kidogo tangu mwanzo, rangi inayokufa ni kidogo na kusuuza kunapungua. Mwalimu anikosoe.

Sizamishi kitambaa kwenye beseni. Kitambaa nakilowesha kwenye maji ya magadi soda, nakikamua kwa mikono polepole ili nta isipasuke, nakitandaza juu ya meza yenye nailoni. Rangi nimeikoroga nzito kwenye lita moja na nusu, na urea kijiko kwa sababu inavuta unyevu. Naipaka kwa sponji. Nakifunika na nailoni nyingine bila kukikunja, kinalala mpaka kesho yake. Kama ni cha kufunga nakiviringisha tu kama mkate wa kumimina ulioharibika.

Kusuuza: mabeseni matatu kwenye mstari. Kitambaa kinaanza la kwanza chafu kinaishia la tatu safi. Kila baada ya vitambaa viwili, maji ya la kwanza yanamwagwa, ya la pili yanahamia la kwanza, ya la tatu yanahamia la pili, maji mapya yanaingia la tatu peke yake. Maji yanatembea kinyume na kitambaa.

Mwalimu wa Chaki (Mbeya)

Sina la kukosoa. Wenye viwanda vya pamba wana njia hiyohiyo, wanabana kitambaa kwenye rola, wanakiviringisha kwenye nailoni, kinalala kinazunguka polepole kutwa na usiku. Na Wahispania, Tejidos Royo, wanatia uzi wa jinzi buluu kwa povu. Sehemu kubwa ya povu ni hewa.

Angalizo la kwetu: baridi. Rangi hizo zinapenda nyuzi 20 kwenda juu. Usiku wa mwezi wa sita Mbeya, au Makete, kitambaa kitalala na rangi italala. Kiwekeni jirani na jiko, au muongeze siku.

Mlima Pareto (Mafinga)

Na wale mtakaokaidi mkanunua viyeyushi kwa madumu, jueni kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, Namba 3 ya 2003. Anayeingiza, kuuza au kutumia kwa biashara anasajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Msije mkashangaa.

Mama Mabeseni (Iringa)

*Wiki tano baadaye*

Kamwene tena. Narudisha majibu, maana nachukia nyuzi zinazoachwa bila mwisho.

Spiriti sikununua. Nilipata chupa moja kwa jirani nikajaribu kijisehemu cha kitambaa cha kufunga, rangi ya riaktivu, baridi kabisa, hakuna moto, hakuna haidro karibu. Mwalimu ulisema kweli, rangi ilikaa chini. Nilipoongeza maji nusu kwa nusu ikayeyuka, na kitambaa kikashika, kikashika vizuri hata bila chumvi. Lakini nusu ile ya spiriti ilikuwa inaniuma kila nikiitazama inakauka kwenye kamba. Bibi Kokwa nilikukumbuka.

Njia ya Fundi Nta ndiyo tumekaa nayo. Vitambaa vitatu vya nta, kila kitu ndani, madumu matatu na nusu. Tulipasua nta kwenye viwili vya kwanza kwa kukamua kwa hasira, sasa mikono imejifunza. Maji ya beseni la kwanza hatumwagi mtaroni tena, tumechimba shimo la mchanga na mkaa nyuma. Ugomvi wa mtaro umeisha, mwenye nyumba anasalimia.

Kilichonishinda ni nyeusi. Inatoka kijivu cha punda. Nimeongeza siku, nimeongeza magadi, bado punda. Fundi Nta, ndaga fijo kwa yote, lakini hapa nisaidie.

Fundi Nta (Mwanjelwa)

Nyeusi inataka rangi mara mbili au tatu ya ile unayoweka kwenye nyekundu, na upake mara mbili, ya pili baada ya kulala. Magadi ukizidisha unaiua rangi bure. Na inawezekana unga wako umekaa dukani ukavuta unyevu, ukishafanya mabonge ujue umeshakufa nusu. Nina ninayoiamini hapa, ila siwezi kukutumia kwa basi, mfuko ulipasuka mara ya mwisho ukamtia rangi kondakta.

Mama Mabeseni (Iringa)

Nitakuja mwenyewe Alhamisi, basi la alfajiri. Maduka yenu yanafunguliwa saa ngapi?

Fundi Nta (Mwanjelwa)

Saa mbili. Beba koti.